Tairi Lililokufa kutoka Ndani: kwa nini matairi ya magari ya kifahari ya zamani hayakudumu

Mezani pangu karakanani pana kipande cha tairi chenye upana wa kiganja, nilichokikata kwa msumeno kutoka kwenye tairi la gari la Kiingereza la mwaka 1912. Mwenye gari, mzee mmoja wa Nairobi anayekusanya magari ya kale, alinipa ruhusa ya kulichana baada ya kukubali, kwa shingo upande, kwamba halitarudi barabarani. Uso wake, yaani ile sehemu inayokanyaga barabara, bado una mpira wa kutosha: nilipoupima nilikuta milimita 7 pale palipolika zaidi. Ukikigeuza upande wa ndani ndipo unapoona kilichouua mwili wa tairi lile. Kitambaa cha pamba kilichobeba mzigo wote kimekuwa unga, na nikikikuna kwa ukucha kinatoa vumbi la kahawia kama ugoro.

Nimekianza kisa hiki na kipande hicho kwa sababu wageni wanaokuja kuyaona magari ya mzee huniuliza swali moja, nalo huja likiwa na jibu lake tayari: mpira wa zamani ulikuwa mbovu, sivyo? Nimefanya kazi ya matairi kwa zaidi ya miaka 20, kwanza nikikarabati ya malori, kisha nikichunguza yaliyopasuka ili kujua kilichoyapasua, na jibu langu ni kwamba mpira ulikuwa na makosa yake, barabara zilikuwa na makosa yake, lakini matairi mengi ya magari yale mazito hayakulika mpaka yakaisha. Yalikufa kwa joto, kutoka ndani, huku uso wake ungali na uhai.

Kwanza tupate kipimo cha jambo lenyewe. Gari kubwa la kifahari la miaka ya 1905 hadi 1912, liwe Rolls-Royce, Napier, Mercedes au Packard, mwenyewe alitarajia seti ya matairi imfikishe maili 2,000 au 3,000, yaani kilometa 3,200 hadi 4,800, na wapo ambao hawakufika hata maili 1,000. Kwa dereva wa leo hizo ni safari mbili za kwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Mwanza, halafu anunue matairi mapya manne. Kwa magari ya aina hiyo gharama ya matairi ilizidi ya petroli, tena kwa mbali.

Mwaka 1907 Rolls-Royce walilitoa gari lao la nguvu za farasi 48, lile lililopakwa rangi ya fedha na kuitwa Silver Ghost, likimbizwe maili 15,000 chini ya uangalizi wa Royal Automobile Club, chama cha wenye magari cha Uingereza, sehemu kubwa ya safari hiyo ikiwa kwenda na kurudi kati ya London na Glasgow. Lilipofunguliwa baadaye na kila kipande kupimwa, vipuri vya kulirudisha katika hali ya upya viligharimu pauni 2, shilingi 2 na peni 7. Hesabu hiyo imesifiwa mpaka leo. Kisichosemwa sana ni kwamba ilikuwa ya mashine tu, na kwamba gari lile lilihesabiwa kuwa limekwenda zaidi ya maili 14,000 mfululizo bila kusimama kwa hitilafu kwa sababu visimamo vya matairi havikuhesabiwa. Wala hapakuwa na udanganyifu. Kwa watu wa wakati ule tairi kupasuka hakukuwa hitilafu ya gari, kama ambavyo mvua kunyesha si hitilafu ya gari.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa mambo. Injini ilikuwa imekwenda mbele kwa kasi, lakini tairi lilikuwa bado ni la baiskeli lililonenepeshwa. Robert William Thomson alipata hataza ya gurudumu la upepo mwaka 1845, likasahaulika. John Boyd Dunlop akalibuni upya huko Belfast mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, walipolivika gari tairi la upepo katika mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi mwaka 1895, walipata pancha nyingi mno, wakamaliza akiba yote ya mipira ya ndani, wakafika mwisho wakiwa nyuma sana. Walithibitisha kwamba jambo linawezekana, basi. Miaka 12 tu baadaye tairi la ukoo uleule lilikuwa limewekwa chini ya gari la karibu tani 2, lenye injini ya lita 7 na matajiri sita ndani.

Sasa turudi kwenye kitambaa, maana hapo ndipo penye utamu wa kazi hii. Mpira wa tairi haubebi gari. Gari linabebwa na upepo, na upepo unashikiliwa na tabaka za nyuzi zilizofichwa ndani ya mpira. Katika matairi ya mwanzo nyuzi hizo zilikuwa turubai halisi la pamba, lililofumwa kama turubai lolote lile, nyuzi za mtande zikipanda juu na kushuka chini ya nyuzi za mshindio. Lilipakwa mpira, likakatwa mshazari, likapangwa tabaka juu ya tabaka. Chukua kipande cha turubai, kishike pembe mbili zinazokabiliana, ukivute kisha ukilegeze, ukivute tena: utaona vijumba vya mraba vikigeuka kuwa msambamba na kurudi. Kila vinapogeuka, uzi wa mtande unasugua uzi wa mshindio pale vinapokatana. Tairi hufanya hivyo kila linapozunguka, kwa kuwa sehemu inayogusa chini hubonyea na kuinuka tena.

Fanya hesabu nami. Tairi la ukubwa uliokuwa wa kawaida nyuma ya gari kubwa, kipenyo cha milimita 880 na unene wa 120, lina mzingo wa karibu mita 2.76, kwa hiyo linazunguka takriban mara 360 kwa kila kilometa. Katika kilometa 4,000 kila makutano ya nyuzi yamesuguana zaidi ya mara 1,400,000. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, makutano hayo husuguana mara 6 kila sekunde, yakizaa joto ndani ya kitu kinene ambacho hakipitishi joto upesi. Pamba inapopata joto hukauka, hukatika nyuzinyuzi, na mpira unaozigandisha tabaka hulegea. Tabaka zikiachana nazo huanza kusuguana zenyewe kwa zenyewe, joto linaongezeka, na kuanzia hapo tairi lina siku chache. Kwa nje huoni kitu. Pengine utaona kauvimbe kadogo ubavuni, halafu siku moja unasikia mlio kama wa bunduki.

Kilichofanya magari ya kifahari yaumie zaidi kuliko mengine ni uzito, na hasa mahali ulipokaa. Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa na uzito wa kilo 550 hivi. Gari la tajiri lilinunuliwa kama fremu, injini na magurudumu tu, kisha likapelekwa kwa watengeneza mabehewa ambao walijenga juu yake chumba kizima cha mbao, vioo, viti vya ngozi, taa za shaba na kibanda cha mizigo juu ya paa. Watengeneza mabehewa hawakuulizwa tairi linabeba nini. Abiria walikaa juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake kabisa, na ekseli hiyohiyo ndiyo iliyosukuma gari na ndiyo iliyolisimamisha, kwa kuwa breki za magurudumu ya mbele hazikuenea mpaka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia; Rolls-Royce wenyewe walizianza mwaka 1924. Matairi mawili ya nyuma, basi, yalibeba sehemu kubwa ya uzito, yakapokea nguvu yote ya injini kupitia klachi zilizong'ata ghafla, na yakafanya kazi yote ya breki. Ungeweza kuyaona yamekwisha huku ya mbele yakiwa nusu ya umri wake.

Dawa ya uzito ilijulikana: upepo mwingi. Kanuni iliyozoeleka ilikuwa ratili 20 za mgandamizo kwa kila inchi ya unene wa tairi, kwa hiyo tairi la inchi 4 lilitaka 80 kwa inchi ya mraba. Tairi lililojaa vizuri hubonyea kidogo, nyuzi husuguana kidogo, joto hupungua. Lakini hebu jaribu kulijaza tairi kama hilo mpaka 80 kwa pampu ya mkono kando ya barabara. Mimi nimejaribu, na nilipofika 50 mikono ilikuwa inatetemeka. Dereva wa mwaka 1908 naye alikuwa na mikono kama yangu, na mara nyingi hakuwa na kipimo cha upepo, alilipiga tairi teke akasikiliza. Tena bibi na bwana waliokaa nyuma walilalamika wakirushwarushwa, na njia rahisi ya kulainisha safari ilikuwa kupunguza upepo. Kila ratili iliyopunguzwa kwa ajili ya starehe ililipwa kwa kitambaa.

Upepo mdogo ulikuwa na adhabu ya pili, kwa sababu ya namna tairi lilivyoshikwa kwenye rimu. Leo ukingo wa tairi una waya za chuma ndani yake na hautanuki. Wakati ule ukingo ulikuwa wa mpira mgumu wenye umbo la kulabu, nao uling'ang'ania mdomo wa rimu uliopindwa ndani; kilichouzuia usichomoke kilikuwa ni msukumo wa upepo wenyewe. Upepo ukipungua, tairi lilitambaa juu ya rimu na kung'oa valvu ya mpira wa ndani, au mdomo wa rimu ukaukata ubavu kama kisu, au tairi lote likachomoka kwenye kona. Nilipoyavika matairi ya aina hii kwa mara ya kwanza nilidhani uzoefu wa malori unanitosha. Niliuingiza ukingo wa pili kwa vyuma, nikafurahi, nikajaza upepo, na mpira wa ndani ukapasuka ukiwa karakanani, kwa kuwa nilikuwa nimeubana chini ya kulabu ile. Nilirudia na kuubana tena mahali pengine. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda akinitazama, akasema tu, "Kijana, hao madereva wa zamani walikuwa wakifanya hivyo mvuani, usiku, na taa ya karabai."

Sasa mpira wenyewe, maana nilisema haukukosa lawama. Mpira mbichi hauna faida mpaka upikwe na salfa, ujuzi ambao Charles Goodyear aliupatia hataza mwaka 1844. Kabla ya George Oenslager kugundua huko Akron, Marekani, mwaka 1906, kwamba kemikali za jamii ya anilini huharakisha upishi huo, tairi lilipikwa kwa saa nyingi, na joto lilichelewa kupenya mpaka katikati ya uso mnene. Matokeo yake yalikuwa kama andazi lililotiwa kwenye mafuta ya moto kupita kiasi, nje limeungua na ndani bichi. Uso uliopikwa kupita kiasi ulipasukapasuka kwa jua na hewa, na hapakuwa bado na dawa za kuuzuia mpira usizeeke.

Jambo la pili ni rangi. Litazame gari lolote la mwaka 1908 katika picha nzuri utaona matairi meupe au ya kijivu. Weupe huo ulitokana na oksidi ya zinki, iliyochanganywa kwa wingi ili kuupa mpira ugumu. Inasaidia kiasi, na mpaka leo tunaitia kidogo kwa sababu huusaidia upishi, lakini haiuwezeshi mpira kuvumilia msuguano wa barabara. Kinachouwezesha ni masizi laini kabisa, yale ambayo mama zetu waliyakwangua chini ya sufuria, ila yaliyotengenezwa kwa makusudi. Chembe za masizi hushikana na mpira kwa nguvu ambayo unga mweupe hauna. Jambo hilo liligunduliwa Silvertown, mashariki mwa London, mwaka 1904, na bado ilichukua hadi muongo uliofuata kabla viwanda vikubwa kulikubali kwa mapana. Matajiri, kwa maneno mengine, waliendesha kwa miaka kadhaa juu ya matairi meupe yaliyolika haraka ilhali dawa ilikwishajulikana.

Mpira huo ulitoka wapi? Hapa historia inatugusa sisi moja kwa moja. Neno letu mpira lilikuwa jina la mtambaa wa porini kabla halijawa jina la tairi au la kandanda. Ule wa pwani yetu wataalamu wa mimea waliuita *Landolphia kirkii*, kwa heshima ya John Kirk aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. Utomvu wake ulipita Kilwa na Lindi kwenda nje. Jamaa yake wa misitu ya Congo alivunwa chini ya utawala wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, kwa mateka, viboko na mikono iliyokatwa, na sehemu ya utomvu huo iliishia kwenye magurudumu ninayoyazungumzia. Kwa fundi, mpira wa porini ulikuwa na shida yake pia: ulifika kiwandani na mchanga, maganda na maji, kila gunia na tabia yake. Bei ilipopanda mwaka 1910 hadi zaidi ya shilingi 12 kwa ratili katika soko la London, kishawishi cha kuongeza unga na mpira wa zamani uliosagwa kilikuwa kikubwa. Mashamba ya Malaya na Ceylon yalipoleta mpira safi na kushusha bei, walowezi wa Kijerumani waliokuwa wamepanda mpira wa Ceará, mti wa asili ya Brazili, kuzunguka Muheza na Usambara waliachiwa miti isiyolipa. Kufikia 1913 biashara yao ilikuwa imeanguka.

Barabara sitazizungumza sana, ingawa ndizo watu huzitaja kwanza. Zilikuwa za kokoto zilizoshindiliwa kwa maji, nzuri kwa farasi, na gari la kasi lilizifumua kwa kuvuta vumbi lililozishikamanisha na kuacha mawe makali yamesimama. Misumari ya kwato ndiyo iliyoleta pancha nyingi. Kwa muda mrefu nilidhani mvua ilikuwa nafuu kwa sababu ilipoza tairi, lakini mpira uliolowa hukatika kwa urahisi zaidi kuliko mkavu. Ujaribu kwa kisu ukiupaka maji utaona unavyoteleza ndani. Katika kila mkato mdogo maji na mchanga viliingia mpaka kwenye pamba, pamba ikaoza. Kipande changu kina mkato wa aina hiyo usiozidi urefu wa punje ya mchele, na chini yake doa jeusi la kuoza lenye upana wa shilingi.

Kuna sababu moja isiyo ya kiufundi ambayo siwezi kuiacha. Mwenye gari la kifahari hakuliendesha mwenyewe. Alikuwa na dereva, na katika Uingereza na Marekani ya wakati ule malalamiko yalikuwa mengi kwamba madereva walipewa kamisheni na wenye gereji kwa kila tairi na kila kipuri walichonunua kwa fedha ya bwana. Mtu anayepata chake tairi likinunuliwa hana haraka ya kupima upepo asubuhi. Sisemi wote walikuwa hivyo. Nasema tu kwamba mwenye Ford alijaza upepo wake mwenyewe na kulipa kutoka mfukoni mwake, na hiyo nayo ni sehemu ya tofauti ya maili.

Ufumbuzi wa kitambaa ulikuwepo mapema mno. John Fullerton Palmer alikwisha kutengeneza, katika miaka ya 1890, kitambaa cha baiskeli chenye nyuzi zilizolala upande mmoja tu, zikitenganishwa na mpira, kila tabaka likielekea upande wake, bila mtande na mshindio kukatana. Nyuzi zisizokatana hazisuguani. Magari makubwa yalianza kunufaika nayo kwa wingi katika miaka ya 1910, masizi yakaja wakati uleule, ukingo wa kulabu ukapisha ukingo wenye waya, na mwaka 1923 Firestone wakaleta tairi nene la upepo mdogo ambalo liliwapa abiria ulaini wao bila kuua kitambaa. Ukiniuliza lipi kati ya hayo lilifanya kazi kubwa zaidi, nitasema nyuzi, ingawa wenzangu wa upande wa kemia hunibishia na kutaja masizi.

Mzee sasa ameagiza matairi mapya yaliyotengenezwa kwa umbo la zamani, lenye ukingo wa kulabu, ila ndani yana nyuzi za kisasa. Yalipofika alikasirika: yalikuwa meusi. Nilimweleza kuhusu masizi kwa karibu saa nzima, naye alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama siku hizi hawatengenezi meupe. Wanatengeneza, kwa silika badala ya masizi, na yanadumu vya kutosha. Basi akaagiza na hayo: meusi yapo chini ya gari, meupe yananing'inia ukutani yamefunikwa shuka, na ratiba ya maonyesho imebandikwa kando yake.